Mita inasoma 2,350 ofisini: tuogope hewa ukaa?

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mhandisi. Tuko wanane kwenye ofisi ya uhasibu, ghorofa ya tatu, Dar es Salaam. Chumba kina mita 5 kwa 6, na dari la jipsam liko kama mita 2.8 kutoka sakafuni. Tuna AC mbili. Madirisha ya aluminiamu hatuyafungui kwa sababu ya vumbi, mbu na bili ya umeme. Ikifika saa nane mchana watu wanasinzia na vichwa vinauma. Bosi anasema ni wali wa mchana. Mwenzetu mmoja ameleta kipimo cha hewa ukaa: tukiingia saa mbili asubuhi kinasoma kama 450, saa tano kinafika 2,350, na kuanzia hapo hakipandi tena. Yeye amesoma kwamba ikizidi 1,400 uwezo wa kufikiri unapungua nusu. Je, tunavuta sumu? Kwani AC haileti hewa ya nje? Na tufanye nini bila gharama kubwa?"

Ndugu yangu, nianze na AC, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. AC ya ukutani kama zenu ina sehemu mbili, moja ndani na moja nje, na kati yake kuna mabomba membamba ya shaba. Kinachopita kwenye mabomba hayo ni gesi ya kupozea tu. Hewa ya chumbani inavutwa kwa juu, inapita kwenye mapezi ya baridi, inatemwa tena chumbani. Ni ile ile. Hata maji yanayodondoka kwenye mpira wa nje ni unyevu uliokamuliwa kutoka kwenye hewa hiyo hiyo, pumzi na jasho lenu vikiwemo. Majengo makubwa yenye mifumo ya mabomba mapana darini huwa yanaingiza hewa ya nje kidogo, lakini AC za aina yenu haziingizi chochote. Nimeingia ofisi kadhaa ambako watu walilalamika hewa ni nzito, wakaongezewa AC ya tatu. Chumba kikazidi baridi na hewa ikabaki nzito vilevile. Pangaboi nalo ni hivyo hivyo: linapunga hewa iliyomo, halileti nyingine.

Sasa tuisome mita yenu, maana umenipa habari nzuri kuliko unavyodhani. Hewa ya nje siku hizi ina hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, takriban 420 hadi 430 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Hiyo ndiyo ppm iliyoandikwa kwenye kioo cha kipimo. (Walipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu 315.) Pumzi unayoitoa wewe ina kama 40,000. Mtu mzima anayefanya kazi ya mezani anatoa karibu lita 18 za gesi hiyo kwa saa, kwa hiyo nyinyi wanane mnatoa kama lita 144 kila saa.

Neno muhimu kwenye barua yako ni kwamba namba inapanda mpaka 2,350 na kusimama. Ikisimama, maana yake kinachotolewa na mapafu yenu kimelingana na kinachotoroka kupitia nyufa za madirisha na mlango unapofunguliwa. Hapo tunaweza kupiga hesabu, na wewe mhasibu utaipenda. Toa 430 kwenye 2,350, unabaki na 1,920. Kila lita milioni moja za hewa zinazotoka chumbani zinaondoka na lita 1,920 za hewa ukaa zaidi ya zile zilizoingia nazo. Ili kuondoa lita 144 kwa saa, basi, inatakiwa itoke hewa kama lita 75,000, na nyingine kiasi hicho iingie. Gawanya kwa watu wanane, kisha kwa sekunde 3,600: kila mmoja wenu anapata lita 2.6 za hewa mpya kwa sekunde. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 wakati wa UVIKO, lilipendekeza lita 10 kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya kuishi. Mnapata kama robo. Mkizifikia hizo lita 10, mita yenu itasimama karibu na 930.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye sumu wala akili, jambo moja tunalijua kwa hakika: chumba chenu kimezibwa mno kwa watu wanane.

Je, 2,350 ni sumu? Hapana, na umwambie mwenzako asilale na hofu. Hewa ukaa inaua, hilo ni kweli, lakini kwa viwango vya namna nyingine kabisa. Watu wa Goma na vijiji vya kando ya Ziwa Kivu wanaijua vizuri, wanaiita mazuku. Inatoka ardhini kwenye eneo la volkano, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mbuzi akiingia haponi, na mtoto anayemfuata vivyo hivyo. Humo kiwango huzidi asilimia 10, yaani zaidi ya 100,000 kwa lugha ya mita yenu. Kikomo cha kisheria cha mahali pa kazi nchini Marekani ni 5,000 kwa wastani wa saa 8. Nyinyi hamjafika hata nusu yake.

Msichanganye gesi hii na kabonimonoksaidi, ile ya jiko la mkaa lililowashwa chumbani na ya moshi wa jenereta. Hiyo inaua kwa kiasi kidogo sana, haina harufu, na mita yenu haiioni kabisa. Nitairudia mbele, kwa sababu inahusiana na dirisha mtakalofungua.

Habari ya akili kupungua nusu haikuzushwa. Mwaka 2012 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, pamoja na wenzao wa jimbo la New York, waliwaweka watu 22 kwenye chumba cha majaribio chenye hewa ukaa 600, kisha 1,000, kisha 2,500. Hewa mpya haikupunguzwa. Waliongeza gesi safi tu kutoka kwenye mtungi. Watu hao walipewa mtihani wa kompyuta unaomweka mtu katika nafasi ya meneja anayekabili dharura, na uamuzi wake unapimwa kwa vipengele tisa. Kwenye 1,000, vipengele sita vilishuka kiasi. Kwenye 2,500, saba vilishuka sana. Miaka mitatu baadaye kundi la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, likatumia mtihani huo huo kwa watu 24 waliofanya kazi zao za kawaida kwenye ofisi ya majaribio kwa siku sita. Siku ambayo hewa ukaa ilikuwa 945, alama zilikuwa chini kwa asilimia 15 kuliko siku za hewa bora kabisa; ilipokuwa 1,400, chini kwa asilimia 50. Hapo ndipo mwenzako alipoitoa nusu yake.

Kilichofuata hakikupata umaarufu huo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa mabaharia 36 wa nyambizi za Marekani waliofanya mtihani ule ule kwenye 600, 2,500 na 15,000. Hawakutetereka. Mwaka 2019 watafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliwajaribu watu wanaofanana na wanaanga kwenye hewa ukaa ya hadi 5,000, wasione alama zikishuka kwa mpangilio wowote unaoeleweka. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 huo huo marubani 30 kwenye mashine ya kuigiza urukaji walifaulu mazoezi mara nyingi zaidi kwenye 700 kuliko kwenye 2,500. Kwa hiyo mjadala haujafungwa.

Mimi siiamini ile nusu. Watu 24 ni wachache, mtihani ni mmoja, na "alama kushuka asilimia 50" kwenye mtihani ule si sawa na kusema ubongo umepoteza nusu ya nguvu zake. Nyambizi husafiri wiki nyingi chini ya bahari kwenye hewa ukaa ya maelfu kadhaa. Kama 1,400 ingekata akili nusu, mabaharia wasingejua kurudi bandarini.

Jaribio ninalolitegemea mimi ni la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, la mwaka 2017. Walifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: walitenganisha. Mara ya kwanza waliongeza gesi safi ya mtungi hadi 3,000, hewa mpya ikiendelea kuingia kwa wingi. Watu hawakuona tofauti, na kazi zao hazikuharibika. Mara nyingine walipunguza hewa mpya mpaka 3,000 ikafikiwa kwa pumzi za watu wenyewe. Safari hiyo watu waliumwa vichwa, walichoka, walisinzia, na kasi ya kazi ikapungua. Namba kwenye mita ilikuwa moja, hali mbili tofauti.

Maana yake ni kwamba miili yetu inatoa vitu vingi zaidi ya hewa ukaa: jasho, mafuta ya ngozi, harufu za mdomoni na za nguo, na juu yake manukato, wino wa printa, gundi ya zulia na rangi ya ukuta. Hewa isipobadilishwa vyote hivyo vinarundikana pamoja. Hewa ukaa tunaipima kwa sababu ni rahisi kuipima, kama mtu anayehesabu sahani kwenye karo ili ajue wamekula wangapi. Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Kijerumani, aliyasema haya mjini München mwaka 1858. Ile 1,000 inayotajwa kila mahali kama kikomo ilitoka kwake, na yeye mwenyewe alieleza kwamba gesi hiyo ni dalili tu ya hewa iliyochafuliwa na watu. Baadaye namba ikabaki, maelezo yakasahaulika.

Kwa hiyo vichwa vinavyouma saa nane havishangazi hata kidogo, na kulaumu wali peke yake si haki. Ila bosi hakosei kabisa. Mwili wa binadamu una mteremko wake wa mchana unaokuja hata kwa aliyekosa chakula, na sahani kubwa ya wali inauongeza. Mkibadilisha hewa usingizi utapungua, hautakwisha.

Kuna sababu nyingine ya kufungua ambayo mimi naiona nzito kuliko hii ya kazi, ingawa barua yako haikuigusa. Chukua ile 1,920 uigawe kwa 40,000 ya pumzi ya mtu. Unapata karibu asilimia 5. Yaani katika kila pumzi ishirini unazovuta ofisini kwenu, ujazo wa pumzi moja ulishapita kwenye mapafu ya aliyemo chumbani. Mmoja akija na mafua, mnagawana. Akija na kifua kikuu ambacho hajakijua, na mnakaa naye saa nane kwa siku, miezi mitatu, ni mambo mengine kabisa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa hospitali nane za Lima, Peru, uliopima hewa kwenye wodi na vyumba vya wagonjwa. Kufungua milango na madirisha tu kulibadilisha hewa yote mara 28 kwa saa kwa wastani wa kati, zaidi ya mara mbili ya vyumba maalumu vinavyoingiziwa hewa kwa mashine, vilivyopaswa kubadilisha mara 12. Na majengo ya zamani, yenye madirisha makubwa na dari za juu, yalifika 40, huku mapya yakiishia 17.

Hilo la majengo ya zamani linanigusa, kwa sababu nasi tulikuwa nalo. Tazama nyumba na ofisi za pwani zilizojengwa kabla ya AC: juu ya kila dirisha kuna matundu, ukuta wa ngazi una matofali ya matundu, dari liko juu, madirisha yanatazamana ili pepo za kusi na kaskazi zipite chumba hadi chumba. Fundi hakuhitaji mita. AC zilipokuja tukaambiwa baridi inavuja, matundu yakazibwa kwa saruji na dari za jipsam zikashushwa chini yake. Kama jengo lenu si la juzi, panda ngazi, inua kipande kimoja cha dari, utazame kwa tochi. Mara nyingi matundu yako palepale, yamefunikwa tu. Kuyarudisha, kwa kuweka kifuniko cha kufungua na kufunga na wavu wa mbu, ni kazi ya siku moja ya fundi mwashi.

Kabla ya kumwita fundi, jaribuni kwa bure. Fungueni dirisha moja kiasi cha upana wa kiganja, na upenyo mwingine upande wa pili, uwe dirisha au mlango wa korido. Upenyo mmoja peke yake hautoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Tazameni mita baada ya saa nzima. Watu wengi hushangaa jinsi kiganja kimoja kinavyoishusha. Na mnapokwenda kula mchana, fungueni yote, muwashe pangaboi kama lipo, mrudi mkute chumba kimejisafisha.

Wavu wa mbu wekeni, tena wa kudumu. Mbu wa dengue anauma mchana, na Dar inaijua dengue. Wavu unapunguza upepo, kwa hiyo upanueni upenyo kidogo na kuukung'uta vumbi kila wiki, maana wavu ulioziba kwa vumbi hauna tofauti na kioo. Na chunguzeni kwanza kilicho chini ya dirisha lenyewe. Kama jenereta ya jengo inapumua hapo, au kuna mama lishe na majiko ya mkaa, dirisha hilo lisifunguliwe yanapowaka. Afadhali hewa nzito kuliko moshi wenye kabonimonoksaidi. Tafuteni upande mwingine.

Kama madirisha hayawezekani kabisa, nunueni feni ya kutolea hewa, ile ya kufunga ukutani au kwenye kioo. Mnahitaji jumla ya lita 80 kwa sekunde, ambayo ni kama mita za ujazo 290 kwa saa. Angalieni namba hiyo kwenye lebo na mchague feni inayozidi hapo kwa mbali, kwa sababu lebo inasema uwezo wa feni isiyozuiwa na kitu, na ukutani itazuiwa na wavu na kifuniko. Ifungwe mbali na pale hewa inapoingilia, ikiwezekana pembe ya mkabala, la sivyo itavuta hewa mpya na kuitupa nje kabla haijawafikia. Na hakikisheni hewa inayoingia kufidia ile inayotolewa haitokei chooni. Nimekuta ofisi moja iliyofunga feni nzuri, mlango wa choo ukiwa ndio upenyo pekee.

Bili sitakuficha. Hewa ya Februari Dar ni ya joto na imelowa, na AC inatumia nguvu nyingi kuikausha kuliko hata kuipoza. Kuongeza hewa mpya mpaka lita 10 kwa kila mtu kunaweza kula umeme wa chini kidogo ya kilowati moja katika saa za joto kali, pungufu ya pasi. Sehemu ya gharama hiyo mtairudisha mkipandisha AC kutoka 20 au 22 hadi 26 na kuwasha pangaboi, maana upepo kwenye ngozi unamfanya mtu aone baridi zaidi ya ile ya kipimajoto. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, asubuhi nyingi AC hamuihitaji kabisa. Maua ya kwenye vyungu, kama kuna aliyeyapendekeza, wekeni kwa uzuri wake tu: chungu kimoja hakifikishi robo lita ya hewa ukaa kwa saa, na nyinyi mnatoa 144.

Mwisho mita yenyewe. Madukani kuna vipimo vya bei ya chini visivyopima hewa ukaa hata kidogo. Vinapima harufu na mvuke wa kemikali, kisha vinakisia. Kuvijua ni rahisi. Mimina vitakasa mikono vyenye spiriti kwenye kitambaa, kisogeze karibu bila kukipumulia. Kipimo cha kweli, kile kinachotumia mwanga wa infraredi, hakitajali. Cha kukisia kitaruka. Chenu nadhani ni cha kweli, kwa sababu kinaanza 450 na kinapanda kwa mpangilio unaolingana na hesabu ya watu, lakini kijaribuni. Kitoeni pia nje kwa nusu saa, mbali na watu na barabara. Kikisoma kati ya 400 na 450, kiaminini. Ofisini kikae usawa wa mtu aliyeketi, angalau mita moja na nusu kutoka mdomo wa yeyote, na kisiwe mbele ya AC wala dirishani.

Jumatatu fanyeni kazi kama kawaida, madirisha yamefungwa, na muandike namba kila nusu saa. Jumanne fungueni ule upenyo wa pande mbili kuanzia saa mbili asubuhi, muandike tena. Pembeni ya kila namba, andika walikuwemo wangapi na AC imewekwa ngapi. Nitumie karatasi zote mbili pamoja na mchoro wa chumba unaoonyesha mlango, madirisha na AC zilipo, nami nitakuambia kama matundu yanatosha au mnahitaji feni, na ifungwe ukuta gani.